Chungu Hiki Kimefinyangwa Wapi?

Wahenga wetu walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni, na sisi tuliolelewa juu ya kauli hiyo tumezoea kuifahamu kwa upande mmoja tu: kwamba mwenye kuwatengenezea wenziwe vyombo mwenyewe hana chombo cha maana. Nimekaa na methali hii miaka mingi kabla ya kutambua kuwa ina upande mwengine. Chungu kizima huuzwa, hupikiwa, hurithiwa, kisha huvunjika, na jina la aliyekifinyanga likasahauliwa na wajukuu zake. Gae lake hutupwa jaani, na huko jaani likakaa miaka elfu bila ya kuoza. Makala haya yanahusu magae hayo, pamoja na swali moja ambalo mnunuzi yeyote huweza kumuuliza muuzaji sokoni: chungu hiki kimefinyangwa wapi? Swali hilo lilipoulizwa kwa makini juu ya vyungu vya kale vya pwani yetu, ndipo mzozo mrefu juu ya nani aliyeanzisha miji ya Waswahili ulipoanza kupata jawabu.

Nilikuwa mtoto wa skuli tulipopelekwa Unguja Ukuu, kusini ya kisiwa chetu, kuonyeshwa mahali palipokuwa mji wa kale. Mwalimu alitwambia tuokote tutakachokiona ufukweni, naye atatueleza. (Leo mtu haruhusiwi kuokota vitu vya kale namna ile, na ni vyema kulivyokatazwa.) Tukatawanyika kama kunguru. Mimi nilijaza mfuko wa suruali vigae vya rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, vinavyong'aa kama maji ya kina kifupi. Nilikuwa nimeokota pia vigae vyeusi vizito, vyenye masizi upande mmoja na mikwaruzo ya pembetatu karibu na shingo, lakini nilipowaona wenzangu wanavitupa nami nikavitupa. Mwalimu alivipanga vile vya buluu juu ya kanga ya mwenziwe, akatwambia hivi vimetoka Iraki, hivi vimetoka Uchina, na sisi tukapiga makofi kwa fahari kuwa kisiwa chetu kilijuana na dunia yote. Vile vyeusi hakuna aliyeviuliza kwao ni wapi.

Sikumlaumu mwalimu wakati ule, wala simlaumu sasa. Alikuwa akifuata walivyofanya wakubwa wa elimu hiyo.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye, nilipokuwa nimeshaanza kujifundisha kazi ya kufasiri kwa kamusi mbili na taa ya chemni, rafiki yangu mmoja aliniletea kurasa zilizonakiliwa kutoka kitabu cha Neville Chittick kuhusu uchimbaji wa Kilwa Kisiwani, kilichochapishwa mwaka 1974 kwa juzuu mbili. Alitaka nimfasirie sehemu ya vyombo. Nikaanza kwa furaha. Vyombo vilivyotoka ng'ambo vilikuwa na majina ya kwao: hivi vya Kiislamu, maana yake vya nchi za Ghuba na Uajemi, hivi vya Kichina. Kisha nikafika kwenye vyungu vya mwanzo kabisa vya mji, vile vilivyofinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa moto wa wazi. Jina alilovipa, nikilifasiri neno kwa neno, ni "vyombo vya jikoni vya mwanzo".

Nilikaa na jina hilo siku tatu. Kwa mfasiri halina tabu: jikoni ni jikoni katika kila lugha. Kilichonisumbua ni kuwa chombo cha mgeni kiliitwa kwa nchi yake, na chungu cha mwenyeji kikaitwa kwa chumba chake. Mwenye kusoma kitabu kile anaweza kumaliza juzuu zote mbili akijua bakuli la Mchina lilisafiri kutoka wapi, asijiulize hata mara moja chungu kilichopika wali ulioingia ndani ya bakuli hilo kilikuwa cha nani. Nikasema moyoni, hivi ndivyo nilivyofanya mimi ufukweni.

Ni haki kusema kwamba Chittick alikuwa mchimbaji hodari na mwandishi mwaminifu. Bila ya michoro yake ya vyungu hivyohivyo vya jikoni, waliokuja baada yake wasingekuwa na cha kulinganisha. Lakini yeye na James Kirkman, aliyechimba Gedi kuanzia mwaka 1948, walikuwa na jawabu kabla ya swali. Kirkman aliandika mwaka 1964 kwamba majengo ya kale ya pwani hii si ya Waafrika, ni ya Waarabu na Waajemi waliostaarabika Kiarabu, hata kama damu yao ilichanganyika. Chittick naye, katika kitabu chake cha Manda cha mwaka 1984, aliuona mji ule wa Lamu kuwa umeanzishwa na watu waliotoka Ghuba ya Uajemi. Walitazama misikiti, kuta za matumbawe, na vyombo vya rangi, na vyote hivyo vilionekana kunyoosha kidole upande wa kaskazi. Tena tarehe za Kilwa zilizoandikwa nazo zilisema hivyo hivyo: ziliwataja wana wa mfalme wa Shiraz, majahazi yao, na kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo za kukizungushia. Nguo zimetajwa. Chungu sikumbuki kukiona.

Hata msafiri mwenye jicho kali kama Ibn Battuta alipita mlemle. Alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipewa wali uliopikwa kwa samli, uliopakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake kitoweo cha nyama, kuku, samaki na mboga. Akataja ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Ukimsoma utasikia njaa. Kila kilichofika barazani amekiandika mpaka chano. Kilichobaki jikoni hakukiona, kwa sababu mgeni mwanamume haingizwi jikoni.

Jawabu lilitoka jaani. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, na akateremka tabaka kwa tabaka mpaka kwenye mchanga ambao haujawahi kukaliwa. Huko chini kabisa, katika karne ya 8 miladi, hakukuta mji wa mawe ulioletwa mzima kutoka ng'ambo. Alikuta nyumba za miti na udongo, na baada ya muda msikiti mdogo wa miti, uliojengwa upya mara kwa mara juu ya mahali pale pale, kila mara mkubwa zaidi, hadi ukawa wa mawe. Na katika kila tabaka, tangu la kwanza, vilikuwako vile vyungu: vya mviringo, vyenye shingo, vimechorwa pembetatu zilizojazwa mistari ya mshazari. Vyombo vya kigeni vilikuwa asilimia chache tu ya vigae vyote. Vilivyobaki vyote vilikuwa vya wenyewe.

Vyungu vya namna hiyo vilikuwa vimeshaonekana Wenje, kandokando ya Mto Tana, mbali na bahari, na David Phillipson aliandika habari zake mwaka 1979. Kadiri watu walivyotafuta ndivyo vilivyozidi kujitokeza: visiwa vya Lamu, Pemba, Unguja Ukuu, Kilwa, Ngazija na jamaa zake, mpaka Chibuene huko Msumbiji ya kusini, na bara pia, hata Dakawa katika Mkoa wa Morogoro. Felix Chami, Mtanzania, katika tasnifu yake ya mwaka 1994 alivifuatilia vyungu hivi nyuma hadi kwa wakulima na wafua chuma wa mwanzo wa pwani ya Tanzania. Abdurahman Juma, mtu wa hapahapa Zanzibar, aliichimba Unguja Ukuu na kitabu chake kikatoka mwaka 2004. Nilipokisoma nilitafuta picha za vigae vyeusi vyenye pembetatu, nikavikuta, na nikaona haya.

Wataalamu wenyewe hawajapatana hata juu ya jina. Horton na wenziwe huviita vya mapokeo ya Tana, na jina hilo linadokeza kuwa asili iko kaskazini, katika mto ule. Chami alichagua jina la mchoro wake, yaani vyombo vya pembetatu zilizochanjwa, lisilovifunga kwa mto wowote. Wasomaji wengine huona huo kuwa ugomvi wa maneno. Mimi nafasiri kwa kazi, najua kuwa ukikipa kitu jina umeshakipa na kwao. Lakini waliogombana wote walikuwa wamekubaliana juu ya jambo kubwa kuliko jina, kwamba waliopika katika miji ile siku ya kwanza walipika katika vyungu vya Kiafrika, vilivyofinyangwa kwa mikono ya Afrika Mashariki.

Hapa msomaji mwenye wasiwasi atauliza, na ana haki: mtu anajuaje kuwa chungu kimefinyangwa mahali fulani? Chungu hakina hati. Njia ni mbili, na kila moja hujibu nusu ya swali.

Njia ya kwanza ni kuuhoji udongo. Mfinyanzi hachukui udongo mtupu. Huutia mchanga, au maganda ya chaza yaliyopondwa, au vigae vya zamani vilivyosagwa, ili chungu kisipasuke kwenye moto. Mtaalamu hukata kigae kipande chembamba mno hata mwanga ukapita ndani yake, akakitia chini ya hadubini, akasoma chembe zake. Mchanga wa kisiwa cha matumbawe umejaa chembe za chokaa. Mchanga wa mto unaoteremka kutoka milima ya bara una mawe meupe magumu na vibamba vinavyometameta. Siku hizi hupimwa pia madini yaliyomo, hata yale machache mno, na kulinganishwa na udongo wa mahali panaposhukiwa. Kwa njia hiyo udongo hauwezi kusema uongo juu ya shimo lake.

Lakini shimo la udongo si kwao mfinyanzi. Bibi aliyeolewa kutoka Tumbatu akahamia Kilwa atafinyanga kwa udongo wa Kilwa, na mkono wake utabaki wa Tumbatu: namna ya kuukunja mdomo wa chungu, upande anaoanzia kuchora, pahala anapoishia. Ndiyo njia ya pili, kuusoma mkono. Kwa kuwa katika pwani yetu na sehemu kubwa ya bara yake ufinyanzi kwa kawaida ni kazi ya wanawake, anayeusoma mkono wa chungu anasoma mafunzo ambayo mtoto wa kike aliyapata kwa mama yake, na mama kwa bibi yake. Tarehe za Kilwa zinataja baba na wana. Vyungu ni ukoo wa upande wa pili.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, waliozikwa katika miji sita ya pwani na mmoja wa bara, wale wa pwani kati ya mwaka 1250 na 1800. Ulionyesha kuwa kwa wengi wa watu wa miji ya pwani zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, nayo kwa sehemu kubwa kwa upande wa kike. Na kwamba asili yao ya Asia ilitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, walioanza kuchanganyika na wenyeji kiasi cha mwaka 1000. Kwa hiyo zile tarehe za kale hazikubuni Shiraz kutoka hewani, na tusiwacheke wazee waliozihifadhi. Zilieleza habari za aliyefika, zikamwacha aliyekuwapo akichochea moto. Vyungu vilikuwa vimeshasema hivyo miaka arubaini kabla ya vinasaba, lakini neno la chungu, inaonekana, halina uzito mpaka maabara iseme.

Nisije nikamfanya msomaji adhani kuwa vyungu vya kupikia havikusafiri. Kwa kawaida havisafiri: ni vizito, ni rahisi kuvunjika, bei yao ni ndogo, na kila mji una mfinyanzi wake. Ndiyo maana kile kinachokutwa mbali na kwao kina hadithi. Shanga, Manda na Kilwa vimepatikana vipande vya vyombo vya mawe, jiwe laini la kijivujivu lenye kuteleza kama sabuni, lisilopatikana popote katika visiwa hivi. Jiwe hilo limetoka Bukini, upande wa kaskazini, ambako watu walilichimba na kulichonga vyungu vya miguu mitatu vyenye vifuniko, hasa nyuma ya bandari ya Iharana ambayo ramani za Wafaransa huiita Vohémar. Pierre Vérin ndiye aliyeeleza kwa urefu mambo ya wachongaji hao. Sijui msomaji analionaje, lakini mimi hulifikiria sana jahazi lililopakia vyungu vya mawe kutoka Bukini hadi Lamu. Nani alikuwa akingoja? Chungu cha jiwe hupata moto polepole, na kikishapata hakiuachi. Mchuzi huendelea kutokota na kuni zimeshazimika. Mpishi aliyewahi kukitumia, akihama, angeagiza kingine.

Na safari nyengine ilikuwa ya upande wa pili. Sharma, bandari ndogo katika pwani ya Hadhramaut, iliishi muda mfupi tu, kuanzia kiasi cha mwaka 980 hadi 1140. Axelle Rougeulle alipoichimba alikuta, pamoja na shehena za vyombo vya Uchina na Uajemi, vyungu vya kupikia vya Afrika Mashariki. Hakuna mfanyabiashara atakayevusha bahari na vyungu vya udongo ili avipeleke kuuza Arabuni. Kinachofikirika kwa wepesi zaidi ni kwamba walikuwako huko watu wa pwani hii, mabaharia au wanawake waliochukuliwa, kwa hiari au kwa nguvu, waliotaka kupika kama kwao. Tumezoea kuhesabu vigae vya Uarabuni vilivyoko kwetu. Vya kwetu vilivyoko Uarabuni vilingoja karne tisa.

Kisiwani Pemba kuna habari ambayo ningependa iandikwe na mtu wa Pemba mwenyewe, nami naipitia kwa haraka. Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walichimba Tumbe, kijiji kikubwa cha kati ya karne ya 7 na ya 10, na jirani yake Chwaka, mji wa karne ya 11 hadi ya 15. Sarah Walshaw alikusanya punje zilizoungua katika majivu ya pahala pote pawili. Tumbe walikula zaidi mawele. Chwaka mchele ulishika nafasi. Na vyungu vikafuata: baada ya mwaka 1000 mabakuli ya wazi yaliongezeka, ya kupakulia chakula na kukila pamoja. Hapo unaona jiko likibadilika bila ya wapishi kubadilika.

Sasa natoka katika udongo na kuingia katika madini, ambamo kila alama hufutika.

Neno letu sufuria limetokana na Kiarabu, sufr, yaani shaba ya rangi ya manjano. Kwa hiyo jina lenyewe lilikuwa hati: chombo cha shaba. Bibi zetu waliokuwa nazo walizitia bati ndani, kwa kuwa shaba tupu huharibu chakula chenye uchachu. Karai nalo, kama chapati inayopikwa juu ya tawa, limekuja na Wahindi pamoja na jina lake. Kisha ikaja alumini, madini ambayo kabla ya mwaka 1886, ilipogunduliwa njia ya kuyatoa kwa umeme, yalikuwa ya thamani kama ya kujipambia. Sufuria ikawa nyeupe na nyepesi, ikaendelea kuitwa kwa shaba.

Mama yangu ana sufuria moja ya alumini aliyopewa katika harusi yake. Chini ya kitako ina duara ya maandishi yaliyogongwa, lakini kwa miaka hamsini na zaidi imesuguliwa kwa mchanga, majivu na makumbi ya nazi, na yaliyobaki ni herufi nne au tano zisizounda neno. Nilipoanza kujishughulisha na habari hizi niliichukua nikaipeleka juani, nikaipaka masizi ili herufi zijitokeze. Mama alinitazama, akaniambia, "Ya Mombasa hiyo, mwanangu. Unajisumbua bure, sufuria zote nzuri zilikuwa za Mombasa."

Inawezekana sana. Mombasa ilikuwa na kiwanda cha vyombo vya alumini tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20, kile kilichojulikana baadaye kwa jina la Kaluworks, chini ya familia ya Chandaria, na sufuria zake zilienea Afrika Mashariki yote. Lakini hata kama herufi zile zingesomeka, zingenambia nusu tu. Afrika Mashariki haina kiwanda cha kutoa alumini katika mwamba wake. Madini yenyewe yaliletwa kutoka ng'ambo, yakakandamizwa Mombasa yakawa sufuria. Desturi ya kugonga jina la nchi juu ya bidhaa ilitiwa nguvu na sheria ya Waingereza ya mwaka 1887, iliyokusudia kuwafichua Wajerumani kuwa vitu vyao si vya Uingereza; wanunuzi wakazoea jina la Ujerumani, wakaanza kulitafuta. Alama ya nchi ilizaliwa katika ugomvi wa wafanyabiashara, na tangu siku hiyo inasema kile wanachotaka wafanyabiashara kisemwe.

Nazo sufuria zinazosubiwa uani katika miji yetu yote hazina alama hata ya ugomvi. Fundi hukusanya vipande vya injini, vyuma vya madirisha, makopo, akaviyeyusha kwa pamoja, akamimina katika kalibu ya mchanga. Ni mafundi hodari, na bila ya wao maskini wengi wasingekuwa na cha kupikia. Lakini alumini iliyoyeyushwa imesahau kila kitu. Udongo ukichomwa hubaki na shimo lake ndani yake. Chuma kikishachanganywa hakuna hadubini itakayoonyesha kuwa hii ilikuwa injini na ile ilikuwa dirisha. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo. Vilichemshiwa asidi hafifu, ile iliyomo katika siki, kwa saa mbili. Vyombo 15 vilitoa risasi ndani ya maji, na vyengine vilitoa sumu nyengine. Risasi huharibu akili za watoto, na hakuna kipimo chake kinachojulikana kuwa ni salama. Mchuzi wa ndimu, ukwaju na nyanya ni mchachu, nao sisi huuacha utokote mpaka ukaze.

Mwaka 2022, huko Seattle nchini Marekani, watafiti walioshughulikia watoto wa wakimbizi wa Afghanistan waliokutwa na risasi katika damu walionyesha kuwa sufuria za alumini za familia hizo zilikuwa miongoni mwa zenye kuitoa. Watu waliokimbia vita wakabeba sufuria. Nilipoisoma habari hiyo nilivikumbuka vyungu vya Sharma.

Ndipo swali la sokoni liliponirudia. Niliipeleka sufuria moja ya kusubu, niliyoinunua mwenyewe, kwa aliyeniuzia, nikamuuliza imetengenezwa wapi. Akanambia, "Hapahapa, mzee." Nikamuuliza, na madini yake? Akaigeuza, akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona, akasema, "Si chuma tu?"

Mwezi uliofuata nilikwenda kijiji kimoja cha Unguja ambako bado wanafinyanga. Bibi niliyemkuta alikuwa amekaa juu ya kipande cha mkeka, chungu kikizunguka taratibu juu ya gae kubwa kuukuu, mkono wake wa kushoto ndani na wa kulia nje. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitika bila ya kuuinua uso. Nilimuuliza udongo anautoa wapi. Alinyoosha kidevu upande wa bonde, akanambia zamu ya kuchimba leo ni ya mkamwana wake, na mchanga hutiwa kiasi hiki, akanionyesha kiganja. Nikamuuliza kama huweka alama yake juu ya chungu.

"Alama ya nini?" akasema. "Wanaonunua wote wananijua."

Nilinunua viwili, kimoja cha mama. Bibi akavifunga kwa majani ya migomba, akanionya nikipike kwanza kwa maji ya mchele usiku kucha kabla ya kukitia mchuzi, na nisikiweke juu ya gesi. Kile chengine kilivunjika njiani, ndani ya daladala, karibu na Kiembesamaki. Nimeyahifadhi magae yake katika kabati la vitabu, na upande wa ndani wa gae moja kuna alama ya kidole gumba.